Je, wajua? Kwa nini Emin Pasha alianguka dirishani Bagamoyo usiku wa karamu yake?

Mgeni akifika Bagamoyo husimuliwa kwanza habari za Livingstone: jinsi watumishi wake Chuma na Susi walivyoibeba maiti yake kutoka bara, ikalala misheni Februari 1874, kisha ikavushwa Unguja. Kisa hicho kinastahili kusimuliwa. Lakini miaka 15 baadaye mji huohuo ulimpokea msafiri mwingine kutoka bara, huyu akiwa hai. Aliandaliwa karamu, na kabla karamu haijaisha akaokotwa barabarani, damu ikimtoka masikioni. Wenyeji wengi wa leo hawajawahi kulisikia jina lake.

Mtu huyo ni Emin Pasha. Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer. Alizaliwa mwaka 1840 huko Oppeln, Silesia, katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa angali mtoto. Alisomea udaktari Ujerumani, akaenda kuwatumikia Waturuki, na mwaka 1875 akafika Khartoum. Hapo ndipo alipoanza kujiita Mehemet Emin. Mwaka 1878 serikali ya Misri ilimfanya gavana wa Ikwetoria, jimbo la mbali kabisa kusini mwa Sudan. Basi Mahdi, kiongozi wa dini wa Sudan aliyeasi utawala wa Misri, alipoinuka, na Khartoum ikaanguka Januari 1885, Emin alibaki huko juu peke yake na askari wake, njia ya kaskazini imefungwa.

Ulaya wakaamua aokolewe, na kazi hiyo akapewa Henry Morton Stanley, mpelelezi wa Afrika. Alikuja Unguja mwaka 1887, akaandika wapagazi zaidi ya 600, kisha badala ya kupitia Bagamoyo akawapakia merikebuni, wakaizunguka Afrika yote kwa kusini hadi mdomo wa mto Kongo. Huko waliingia msitu wa Ituri. Njaa, homa na mishale viliwamaliza vijana wa Unguja na mrima. Habari ya Stanley na Emin kila mara huandikwa kama habari ya mabwana wawili, ilhali mzigo wake ulibebwa na mabega ya watu wetu, na wengi wao hawakurudi makwao.

Aprili 1888 Stanley alikutana na Emin kando ya Ziwa Albert. Waokoaji walikuwa wamechoka na nguo zimewachakaa, na anayeokolewa ndiye aliyewapa chakula na nguo. Emin mwenyewe hakutaka kuondoka. Ni askari wake walioasi mwaka huohuo na kumfunga waliomwonyesha kwamba utawala wake umekwisha. Tarehe 10 Aprili 1889 msafara wa watu wapatao 1,500 ulianza safari ya pwani. Ferida, binti yake Emin aliyezaliwa na mama wa Kihabeshi, alikuwa bado mtoto mdogo na alibebwa njia nzima.

Sasa tazama hali ya Bagamoyo yenyewe. Tangu mwaka 1888 watu wa pwani walikuwa vitani na Wajerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, na Bwana Heri upande wa Saadani. Mji ulikuwa umeshashambuliwa, watu wengi wamekimbilia misheni kwa mapadri, na afisa wa Kijerumani Hermann Wissmann alikuwa ameletwa na jeshi la kukodiwa kuuzima upinzani. Tarehe 4 Desemba 1889, Stanley na Emin walipofika kwenye kivuko cha mto Ruvu, Wissmann aliwapokea na farasi. Wakaingia mjini kwa fahari. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba, siku 11 baada ya karamu. Kwangu mimi tarehe hizi mbili hazitenganishiki. Mapokezi yale ya heshima yalifanyika katika mji ambao watawala wake wapya walikuwa wanawanyonga wenyeji.

Jioni ile katika nyumba ya ghorofa waliyoitumia Wajerumani paliandaliwa karamu. Mvinyo ulikuwepo, hotuba zilikuwepo, na bendi ya manowari ya Kijerumani ilipiga muziki. Chini nje, wapagazi wa Kizanzibari nao walikuwa wakila, wakiimba na kucheza ngoma, maana ile ndiyo iliyokuwa mwisho wa mateso yao. Emin alionekana mwenye furaha kuliko siku zote. Alisema maneno yake ya shukrani, akazunguka meza akizungumza na huyu na yule, kisha akatoka chumbani.

Baadaye kidogo kijana wa Stanley, Sali, alimwinamia bwana wake na kumnong'oneza kwamba Pasha ameanguka. Stanley aliposhuka alimkuta ameshapelekwa hospitali, na pale barabarani pamebaki vidimbwi viwili vya damu. Emin alikuwa ametokea dirishani, akapiga paa la bati la banda lililokuwa chini yake, kisha akabiringika hadi barabarani. Pengine paa hilo ndilo lililomwokoa.

Kwa nini alianguka? Wapo watakaosema ni mvinyo, na mvinyo haukusaidia. Lakini jibu kubwa ni macho. Emin alikuwa na mtoto wa jicho, tena umekomaa. Kusoma, ilimbidi karatasi aisogeze mpaka iguse pua karibu. Na mtu huyu alikuwa mkusanyaji wa ndege, wadudu na wanyama asiyechoka. Hata katika msafara ule wa kukimbia alikuwa bado anachuna ngozi za ndege na kuziandikia vikaratasi, jambo lililomuudhi sana Stanley. Yupo mpaka leo panya buku wa msituni ambaye wataalamu wanamwita Cricetomys emini kwa heshima yake. Macho yaliyoweza kutambua unyoya kwa karibu hayakuweza kupima umbali wa dirisha hadi ardhini usiku.

Ongeza na hili: miaka zaidi ya kumi alikuwa ameishi katika vituo vya bara, kwenye nyumba za chini za udongo na nyasi. Ghafla yumo ndani ya ghorofa asiyoijua, taa ziko ndani na giza liko nje. Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba alidhani uwazi ule unatoka kibarazani, akaupitia kama mtu anavyopita mlangoni. Hakuna aliyemwona.

Madaktari walihofia fuvu limepasuka. Daktari wa msafara, Thomas Parke wa Ireland, alibaki kumwangalia, naye Stanley akavuka kwenda Unguja bila yeye. Na hapa ndipo anguko lile lilipobadilisha mambo. Stanley alikusudia kumpeleka Misri, na baada yake Ulaya, akamwonyeshe kama tunda la safari yake. Badala yake Emin alilala wiki nyingi Bagamoyo katika mikono ya Wajerumani wenzake. Alipopona alijiunga nao. Tarehe 26 Aprili 1890 aliondoka Bagamoyo na msafara mpya, safari hii akirudi kulekule bara alikotolewa, kwa niaba ya Ujerumani. Novemba mwaka huo alianzisha kituo cha Bukoba kando ya Ziwa Nyanza. Alikuwa na hamu ya kuipatia Ujerumani nchi zaidi upande wa kaskazini, lakini mkataba wa Julai 1890 ulikuwa umeshaiacha Uganda mikononi mwa Waingereza. Hata hivyo aliendelea kusonga magharibi, macho yakizidi kufifia, mpaka Oktoba 1892 alipochinjwa huko Kongo kwa amri ya wakubwa wa biashara ya watumwa. Ferida hakumwona tena babake. Baadaye alipelekwa Ujerumani, akalelewa na shangazi yake.