Je, wajua kwa nini nondo moja iliyopindwa, iitwayo stabilaiza, huizuia pikapu ya zamani isilale upande kwenye kona?

Fundi mmoja aliwahi kulala chini ya gari langu dogo, akagongagonga kwa spana, kisha akatoka na jibu lake. "Kaka, kinachogonga ni linki za stabilaiza. Tuitoe yote tu, hata bila hiyo gari linatembea." Hela ya linki mpya sikuwa nayo, nikakubali. Mlio wa ko-ko-ko ukaisha siku ile ile. Lakini kwenye kipilefti cha kwanza, abiria aliyekaa kushoto alijikuta kaegemea mlango, na mimi nikajikuta nimeshikilia usukani kama mtu anayening'inia juu ya mti. Gari lilitembea, ni kweli. Ila lilikuwa linalala.

Hilo lilikuwa gari fupi, la chini. Sasa fikiria pikapu ya Kimarekani ya mwaka 1968, mfano Chevrolet C10: chesisi ndefu ya chuma, kabini ya dereva iliyokaa juu, bodi la mizigo ambalo siku hizi halibebi chochote. Zile za kuanzia 1967 hadi 1972 hufufuliwa sana na wapenzi wa magari ya zamani huko Marekani, na anayetaka yake iingie kona kwa adabu, siyo kung'aa kwenye maonyesho tu, haichukui muda kabla hajaanza kutafuta stabilaiza. Nyingi zilitoka kiwandani bila hiyo. Lilikuwa gari la shamba. Lilipaswa kubeba nyasi na mbao, na wakulima hawakuwa wakilalamika kuhusu kona.

Kwa umbo, stabilaiza haina maajabu. Ni nondo ya chuma cha springi iliyopindwa mfano wa herufi U pana. Sehemu ya katikati inalala kukingama gari, imeshikwa na bushi mbili kwenye chesisi. Ncha zake zinapinda na kuwa kama mikono miwili, na kila mkono umeungwa na linki, kijiti kifupi cha kuunganishia, kwenye mkono wa chini wa gurudumu la upande wake. Hati ya kwanza ya ubunifu wake ilitolewa mwaka 1919 kwa Stephen Coleman, mtu wa Fredericton nchini Canada, na tangu hapo umbo lenyewe halijabadilika sana.

Namna inavyofanya kazi utaielewa ukiwa na taulo lililolowa. Lishike kwa mikono miwili. Ukizungusha mikono yote upande mmoja kwa pamoja, taulo linazunguka tu, halikamuki. Ukizungusha mkono mmoja mbele na mwingine nyuma, linajinyonga na kukaza. Ndivyo ilivyo. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa wakati mmoja, nondo inazunguka ndani ya bushi zake na haizuii chochote. Lakini gari likilala kwenye kona, gurudumu la nje linasogea juu kuelekea bodi, la ndani linashuka, na nondo inalazimika kujinyonga. Haipendi kujinyonga. Ule ukaidi wake ndio unaoisimamisha bodi.

Ukaidi huo una hesabu ambayo huwashangaza wengi. Hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Kwa hiyo nondo ya milimita 25 ukiibadilisha na ya milimita 30, mikono ikiwa ya urefu ule ule, umeongeza milimita 5 ambazo kwa macho huzioni, ila ugumu umepanda zaidi ya maradufu. Na kwa kuwa chuma kilicho katikati ya nondo hakifanyi kazi kubwa, unaweza kukitoboa kikawa bomba: la milimita 30 nje na 20 ndani hubakiwa na asilimia 80 hivi ya ugumu, huku uzito ukipungua kwa asilimia 44. Anayeagiza nondo nene kuliko zote dukani, kwa hoja kwamba nene ndiyo imara, mara nyingi hajui amezidisha kiasi gani.

Watu huchanganya kazi hii na ya shokapu. Shokapu hupunguza kasi ya bodi kusogea, basi. Kwenye kona fupi utaisikia, kwa sababu inachelewesha gari kulala. Kwenye kona ndefu ya mlimani, bodi ikishalala na kutulia pale ilipo, shokapu haina cha kuzuia tena. Zinazobaki zikishindana na uzito ni springi na stabilaiza. Kukaza springi kungesaidia, lakini utakuwa umeikaza pikapu kwa kila tuta na kila shimo, hata ukienda moja kwa moja. Nondo haikudai chochote mpaka magurudumu mawili yatofautiane.

Sasa tufike pahali ambapo hata mafundi wazuri huteleza. Husemwa kwamba stabilaiza inaongeza mshiko wa matairi. Moja kwa moja haiongezi. Tuseme pikapu ina kilo 1,700, kitovu cha uzito kipo sentimita 65 kutoka chini, na matairi ya kushoto na kulia yametengana mita 1.6. Ikate kona kali, ile inayokusukuma kando kwa nusu ya uzito wako. Kilo kama 345 zitahama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Upande wa nje uliokuwa na kilo 850 sasa una 1,195, na wa ndani umebaki na 505. Ukifunga nondo nene kama mkono wa mtoto, kilo hizo zitahama karibu zile zile. Kinachoziamua ni uzito, kimo cha kitovu chake, upana na mwendo. Bodi inaweza kulala au kusimama wima; deni ni lile lile.

Kazi ya nondo ni mbili. Kwanza, bodi isipolala sana, tairi la nje linabaki limekanyaga lami kwa uso wake wote badala ya kusimamia bega. Jambo hili lina uzito zaidi kwenye pikapu za kale zinapovalishwa matairi ya leo. Matairi yao ya asili ya nailoni yalikuwa yakiteleza mapema, hivyo gari halikupata nafasi ya kulala sana. Mvalishe mzee huyo matairi mapana ya waya, yatang'ang'ania lami, na bodi italala kuliko ilivyowahi kulala enzi za ujana wake. Ndiyo maana mtu hununua matairi mazuri halafu anashangaa gari limekuwa la kutisha zaidi.

Pili, nondo huamua ncha ipi ya gari, mbele au nyuma, ilipe lile deni. Tairi likibebeshwa uzito maradufu, mshiko wake hauongezeki maradufu. Unaongezeka kidogo pungufu ya hapo. Kwa hiyo matairi mawili yanayogawana mzigo sawa hushika vizuri kuliko jozi ambayo mmoja kaelemewa na mwingine ananing'inia. Ncha yenye nondo ngumu zaidi ndiyo inayobebesha tairi lake la nje sehemu kubwa ya zile kilo 345, na ndiyo inayopoteza mshiko kwanza. Ukikaza mbele, pua itasukuma nje ya kona kabla ya mkia kuachia. Ukikaza nyuma, mkia utataka kuipita pua.

Hapo ndipo C10 inapokuwa mfano mzuri. Mbele ina magurudumu yanayojitegemea, kila moja na springi yake ya koili, mpangilio ulioanza mwaka 1963. (Kati ya 1960 na 1962 springi zenyewe za mbele zilikuwa nondo za kujinyonga, mjomba wa stabilaiza.) Nyuma ina ekseli nzima iliyobebwa na mikono miwili mirefu inayoanzia katikati ya chesisi, koili mbili, na fimbo moja ya kukingama inayozuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Wafuatiliaji wa NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, wanaijua mikono hiyo vizuri: magari yao ya mbio yaliazima mpangilio huo wa pikapu na kuutumia kwa miongo mingi, na daraja lao la juu liliuacha gari jipya lilipoingia mwaka 2022.

Kila ncha ya gari ina mahali ambapo bodi hubembea, kama mlango kwenye bawaba. Nyuma ya C10 bawaba hiyo ipo juu, karibu na kimo cha ekseli, kwa sababu ya ile fimbo ya kukingama. Mbele ipo chini karibu na ardhi. Maana yake, mbele bodi ina wenzo mrefu wa kujilaza nao, na springi za pale ni laini. Tatizo kubwa lipo mbele, na nondo ya kwanza inapaswa kwenda mbele.

Bado watu huanza nyuma, kwa sababu nyuma ni rahisi: unalala chini, unafunga nondo kwenye ekseli kwa bolti za U, unaunga linki kwenye chesisi, kwa muda wa saa mbili umemaliza. Halafu mvua inanyesha. Bodi la mizigo li tupu, magurudumu ya nyuma yamebeba kidogo kuliko ya mbele, na wewe umeyaongezea sababu ya kuachia. Tena nondo ya nyuma inalinyanyulia uzito gurudumu la ndani, na difu ya kawaida haiwezi kusukuma kwa nguvu kuliko tairi jepesi linavyoruhusu. Ukikanyaga mafuta kutoka konani, tairi la ndani linazunguka bure na kutoa moshi. Nondo ya nyuma ina nafasi yake, hasa ukiona pua inagoma sana baada ya kufunga ya mbele, lakini iwe nyembamba, au ile yenye matundu mawili matatu kwenye mikono. Linki ikisogezwa tundu la karibu na pindo, mkono unakuwa mfupi na nondo inakuwa ngumu: kutoka sentimita 25 kwenda 20 unaongeza ugumu kwa zaidi ya nusu, bila kununua kitu.

Wenye pikapu za Ford F-100 za kuanzia 1965 wana kisa chao. Mbele zina mihimili miwili inayopishana, kila mmoja ukianzia upande wa pili wa gari, na gurudumu linapopanda au kushuka tairi hubadili mlalo wake waziwazi. Kwao, kila nyuzi ya kulala inayozuiwa inaonekana kwenye tairi.

Kufunga kwenyewe si kazi ya ajabu, ila kuna mambo yanayoharibu. Chesisi ya miaka 50 na zaidi inaweza kuwa na kutu pale pale unapotaka kutoboa, na nondo ngumu itang'oa kishikizo chake kwenye chuma kilicholiwa. Linki zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya sakafu iliyo sawa, siyo likining'inia kwenye jeki, la sivyo unaweza kuifungia nondo ikiwa tayari imejinyonga, na pikapu itakuwa na tabia moja kona ya kushoto na nyingine ya kulia. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote uone kama nondo haigusi tairi wala mpira wa breki. Bushi za plastiki ngumu zinapendwa kwa kuwa hazibonyei, lakini bila grisi yake maalumu hulia kama mlango wa ghala.

Nirudi kwa yule fundi, maana hakukosea kila kitu. Nondo huunganisha magurudumu mawili, kwa hiyo shimo linalopigwa na tairi la kushoto hufika pia upande wa kulia, na kwenye njia ya mawe gari hutikisa kichwa huku na huku. Madereva wanaopanda miamba kwa magari yao huzichomoa linki kabla ya kuingia porini ili kila gurudumu lifuate ardhi peke yake, kisha huzirudisha kabla ya lami. Toyota waliliweka jambo hilo kwenye mfumo wa mafuta ya presha uitwao KDSS, uliopo kwenye baadhi ya Land Cruiser Prado tunazopishana nazo huku kwetu: kwenye kona stabilaiza inashika, kwenye mashimo inaachia. Angeniambia hivyo, ningemwelewa. Ila mimi sikuwa napanda miamba. Nilikuwa naenda kazini.