Presha ya Mechi na Presha ya Damu: Maswali ya Mashabiki Ligi Inapofika Ukingoni

Ninafanya kazi kama afisa tabibu katika kituo cha afya hapa Arua, Uganda, na kila msimu wa ligi unapofika ukingoni huwapokea wagonjwa ambao maradhi yao yamewaanzia kwenye banda la video, wanakotazama mpira. Wengi ni mashabiki wa timu zilizo mkiani, ambao wiki nzima wamekuwa wakipiga hesabu za alama badala ya kulala. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa mara nyingi.

Je, presha ya mechi ni ugonjwa?

Hapana. Mwili ukiwa na hofu humwaga homoni zinazoufanya moyo uende mbio, viganja vitoke jasho na tumbo lisokote. Kwa mtu mwenye afya hali hiyo hupita yenyewe. Tatizo letu limo katika neno lenyewe, kwa maana wasiwasi wa shabiki tunauita "presha" na shinikizo la damu nalo tunaliita "presha", hivyo mtu anayeugua kweli akisema ana presha, jirani yake kwenye benchi humjibu kwamba hata yeye anayo, na mazungumzo yanaishia hapo.

Kwa nini mechi ya kunusurika kushuka daraja iwe nzito kuliko nyingine?

Kwa sababu tumaini na hofu hupokezana dakika hadi dakika. Katika Ligi Kuu ya Uingereza timu 3 kati ya 20 hushuka, na mechi za siku ya mwisho huanza kwa wakati mmoja, saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, kwa hiyo shabiki hutazama uwanja mmoja huku sikio lake liko uwanja mwingine, ambako bao moja tu linaweza kumshusha na jingine kumrudisha juu. Tuliokuwa hapa mwaka 2023, timu yetu ya Onduparaka iliposhuka kutoka Ligi Kuu ya Uganda, tunajua kwamba uchungu huo ni wa kweli, na sitamcheka mtu yeyote kwa kuipenda timu yake. Ongeza juu yake fedha ya ada ya shule iliyowekwa kwenye kubeti, nami nitakueleza kwa nini moyo wa mtu wa miaka hamsini unalemewa.

Kuna uthibitisho kwamba mpira unaweza kuudhuru moyo?

Upo. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa Munich nchini Ujerumani walihesabu dharura za moyo katika eneo lao na kukuta kwamba siku ambazo timu ya taifa ya Ujerumani ilicheza ziliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu, na kwa wanaume zaidi ya mara tatu. Zilikuwa nyingi zaidi ndani ya saa mbili za kwanza tangu mechi kuanza, yaani watu wakiwa bado wanatazama. Waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu awali ndio walioathirika zaidi.

Nikibanwa kifua mechi ikiendelea, ninaweza kusubiri filimbi ya mwisho?

Hapana. Usisubiri.

Mshtuko wa moyo hutokea mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo unapoziba, na msuli huo huendelea kufa kadiri dakika zinavyokwenda. Dalili yake kuu ni kifua kubanwa au kulemewa, kama kwamba kuna mtu aliyekikalia. Maumivu yanaweza kwenda kwenye mkono, taya au mgongo, pamoja na jasho jembamba, kichefuchefu na pumzi kukatika. Kwa wanawake na wenye kisukari wakati mwingine kinachoonekana ni uchovu mkubwa na kukosa pumzi tu.

Nilimpokea fundi seremala mmoja ambaye kifua kilianza kumbana mwanzoni mwa kipindi cha pili, shati lake likalowa mgongo mzima. Wenzake walimpepea kwa gazeti, wakampa soda na vidonge vya magnesiamu vya kutuliza tumbo, wakamwambia ni presha ya mpira na kwamba itashuka timu ikinusurika. Timu ilinusurika, maumivu hayakushuka. Alifika kwetu saa saba usiku, saa sita nzima baada ya kuanza kuumwa, wakati ambapo dawa ya kuyeyusha donge la damu imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Lakini mimi nina vidonda vya tumbo. Si huenda ni hivyo tu?

Huenda, lakini wewe huwezi kujua ukiwa umekaa kwenye benchi, na mimi pia siwezi kujua bila kukupima. Nimechoka kusikia habari ya vidonda vya tumbo kutoka kwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwapima vidonda hivyo. Maumivu ya kifua yenye jasho yaliyozidi dakika chache ni ya moyo mpaka kipimo cha umeme wa moyo kiseme vinginevyo. Ukija ikawa ni kiungulia, utarudi nyumbani na hakuna atakayekulaumu.

Na kama zimebaki dakika tano tu?

Hapana. Inuka, nenda. Matokeo utaambiwa njiani.

Ninaweza kuruka dawa ya presha siku ya mechi kwa kuwa nitakunywa bia?

Usiruke hata siku moja. Kila mwisho wa juma wapo wanaoacha dawa Ijumaa ili wanywe kwa raha, na Jumatatu wanakuja kwangu kichwa kikiwapasuka. Dawa haikuzuii kwenda kutazama mpira. Inayopaswa kupungua ni pombe. Waragi (pombe kali), mairungi (miraa) na vinywaji vya kuongeza nguvu vikichanganywa jioni moja huukimbiza moyo ambao tayari unakimbizwa na mechi, na kwa mwenye presha ya damu mchanganyiko huo ni wa hatari.

Usidhani pia kwamba ungeihisi presha kama ungekuwa nayo, kwa sababu wengi hawahisi chochote. Pita kituo cha afya kabla ya siku ya mechi upimwe. Vipimo vikirudiwa na bado vikafika 140 kwa 90 au zaidi, unahitaji kuangaliwa.

Mtu akibanwa kifua, wenzake walio bandani wafanye nini?

Mketisheni, mlegezee nguo, msimtembeze. Kama anaweza kumeza, hana mzio wa aspirini, hatoki damu, wala uso haujakwenda upande au kauli kupotea (hizo ni dalili za kiharusi, naye akimbizwe vilevile), atafune aspirini ya miligramu 300 wakati gari linatafutwa. Gari likikosekana, bodaboda yenye mtu wa kumshika kwa nyuma ni bora kuliko kungoja. Akianguka na kuacha kupumua, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akiita msaada.

Wenye mabanda nao waache njia kati ya mabenchi. Yule seremala yu hai, ingawa sasa akibeba ubao mmoja hulazimika kuketi. Nilipomuuliza kwa nini hakuinuka mapema, alinijibu kwamba alikuwa amekaa upande wa ukutani, na ili atoke ingebidi awainue watu wa benchi zima, na mpira ulikuwa kwenye nukta ya penalti.