Je, wajua kwa nini kuku wa mayai wa Dar hupunguza kutaga miezi ya joto?

Kuanzia Desemba hadi Machi, wafugaji wa Goba, Chanika, Kibamba na Kigamboni hulia kilio kimoja: trei zimepungua, maganda yamekuwa mepesi, na kuku wameanza kudonoana hadi kutoana damu. Lawama ya kwanza humwangukia muuza chakula. Huenda kweli mchanganyiko una kasoro, lakini kabla hujahama duka, ingia bandani saa nane mchana ukae humo dakika kumi. Ukishindwa wewe unayetoka jasho, kuku afanyeje?

Kuku hana tezi za jasho. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hivi, tena kavaa manyoya mchana kutwa. Hustarehe zaidi bandani mkiwa na nyuzi 18 hadi 24, ilhali mchana wa Februari hapa Dar hufika 32. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kutweta: hufumbua mdomo, hutanua mabawa, na unyevu wa kooni na mapafuni ukikauka huondoka na joto. Sasa, hewa yetu ya pwani tayari imejaa unyevu, kwa hiyo kutweta huko hakufui dafu. Nyuzi 32 za Dar si sawa na nyuzi 32 za Dodoma, ambako hewa ni kavu.

Na kutweta kwenyewe kuna gharama, ambayo huonekana kwenye ganda. Yai moja huchukua siku nzima na ushei kutengenezwa tumboni, na katika muda huo ganda peke yake hula takribani saa 20, nyingi zikiwa za usiku. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za ganda hilo ni kalsiamu kabonati. Kalsiamu hutoka kwenye chakula na kwenye mifupa ya kuku, lakini kabonati hutengenezwa kutokana na hewa ya ukaa iliyomo kwenye damu. Kuku anayetweta mchana kutwa huipumua nje hewa hiyo kwa wingi, na damu ikapungukiwa. Juu ya hayo hula kidogo, maana kusaga chakula nako huzalisha joto mwilini. Ndiyo maana mfugaji anaweza kuongeza chokaa na yai likaendelea kuvunjika kwenye trei.

Kinachosaidia ni kulisha alfajiri na jioni, saa zile za joto kali uwaache na maji tu. Chembe za makombe ya baharini zisizosagwa laini sana wape jioni: huyeyuka polepole usiku, wakati ganda linajengwa. Maji nayo wengi huyapuuza. Katika hali ya kawaida kuku hunywa uzito wa maji mara mbili ya chakula anachokula, na joto likizidi huhitaji zaidi ya hapo. Lakini tangi lililoanikwa juani na bomba jeusi lililotambaa juu ya mchanga hutoa maji ya moto, na kuku huyakataa. Funika tangi, fukia bomba, mwaga maji ya mchana ujaze mapya.

Banda ndilo kiini cha yote. Kwa udogo wa viwanja vyetu, mabanda mengi huegeshwa kwenye kona ya ukuta wa uzio: tofali pande tatu, bati la chini, mlango mmoja. Hilo ni tanuri, na hakuna dawa ya dukani itakayolipoza. Banda la Dar linafaa lilale mashariki kwa magharibi, ukuta uishie usawa wa goti au paja, juu yake wavu mtupu. Jua la asubuhi na la jioni, ambalo huingia kwa ubavu, litagonga ncha fupi za banda badala ya kumwagika ndani. Halafu pande ndefu zitatazama kaskazini na kusini, na hapo ndipo pwani inapotupendelea: kaskazi ikivuma miezi ya joto inapita katikati ya kuku, na kusi ikirudi inaingilia upande wa pili. Paa liinuke, liwe na tundu la kutolea joto kileleni. Bati ukilipaka rangi nyeupe, utaona tofauti.

Kwenye kudonoana, kuna mambo mawili ambayo huchanganywa. La kwanza ni cheo. Msomi wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ndiye aliyeeleza miaka ya 1920 kwamba kuku hupangana nani amdonoe nani, na mpangilio ukishakaa vurugu hupungua. Kila unapochanganya kundi jipya na la zamani, vita huanza upya. La pili ni kunyonyoana manyoya, na hilo si ugomvi. Kuku akiwa huru hutumia sehemu kubwa ya mchana kuchakura. Umemweka kwenye banda lililobanana, maranda yamelowa masika na kuganda kama sakafu, hana cha kuchakura. Mdomo wake hugeukia manyoya ya mwenzake. Damu ikionekana, wengine huifuata.

Wengi hukimbilia kukata midomo. Mimi siungi mkono hilo liwe jibu la kwanza. Mdomo una mishipa ya fahamu, kuku huumia, na sababu ya kudonoana inabaki pale pale bandani. Anza kwa kuwapunguza: watano au sita kwa kila mita moja ya mraba. Weka maranda makavu ya kutosha, tundika fungu la mchicha au matembele wahangaike nalo, na mtenge mara moja aliyejeruhiwa.

Mbegu nayo ina neno lake. Kuku wa kisasa wa mayai anaweza kutaga karibu mayai 300 kwa mwaka kwa sababu vizazi vingi vya uteuzi vimemwondolea hamu ya kuatamia. Wa kienyeji hutaga kumi au kumi na tano, kisha huyalalia, ni mama kweli. Lakini joto hulimudu vizuri zaidi, hasa kishingo: shingo yake tupu na manyoya haba hutoa joto kirahisi. Chotara kama Kuroiler na Sasso wamekaa katikati.

Umri huenda sambamba na mwanga. Kuku huhisi mwanga hata kupitia fuvu la kichwa, na anayetaga huhitaji saa 14 hadi 16 kwa siku. Dar iko jirani na ikweta, mchana wetu hauzidi sana saa 12, kwa hiyo taa ya alfajiri au jioni ina kazi kubwa. Iwe ya saa zilezile kila siku. Ila tembe, yaani kuku majike ambao hawajaanza kutaga, usiwaongezee mwanga kabla ya wiki 16, maana wakianza kutaga miili haijakomaa, wengine hutokwa na kizazi, na hapo kudonoana huwa balaa.

Kuku wa kisasa huanza kutaga wiki ya 18 hadi 20, hufika kilele kati ya wiki ya 25 na 30, kisha hushuka taratibu. Mayai huwa makubwa na maganda mepesi. Kwa hesabu hiyo, ningemshauri mfugaji wa Dar aingize vifaranga katikati ya Novemba. Wiki ya kwanza kifaranga huhitaji nyuzi 32 na zaidi, kwa hiyo joto letu litamwokolea mkaa. Mayai ya kwanza yatakuja mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, na kilele kitaangukia kuanzia Mei hadi katikati ya Juni, kusi ikiwa imeanza na usiku umepoa. Joto la msimu unaofuata litawakuta wamefika wiki ya 55, na maganda hayatakuwa imara, kwa hiyo makombe ya jioni yasikosekane. Wiki ya 72 itaangukia Aprili tena. Wauze wakiwa bado na uzito, na banda lipumzike kabla ya kundi jingine.