Maji maangavu nayo huwa na kichocho

Kando ya Ziwa Victoria bado utasikia kwamba kichocho ni ugonjwa wa maji machafu, kwa hiyo anayeoga penye maji maangavu hana haja ya kuhofu. Sivyo. Minyoo ya kichocho hupenya ngozini, na haihitaji tope. Inachohitaji ni konokono wa majini, ambao hustawi penye maji yenye uvuguvugu, yaliyotulia au yanayokwenda polepole, hasa kwenye majani. Mabwawa na mifereji ya mpunga tunayochimba wenyewe mara nyingi huwaongezea makazi.

Mgonjwa akijisaidia majini, mayai ya minyoo anayoyatoa huanguliwa na vijidudu huingia kwa konokono. Wiki kadhaa baadaye ndani ya konokono hutoka mabuu, yaani minyoo michanga inayopenya ngozini, mengi yao mchana jua likiwa kali, saa zilezile watoto wetu wanapoogelea. Kwa macho huyaoni, hata maji yawe maangavu namna gani.

Ila mabuu hayaishi muda mrefu bila kumpata mtu. Maji ya kuoga yakikaa siku 2 kwenye ndoo isiyo na konokono, mabuu huwa yamekufa.