Yule Msaudi Hakudhulumiwa

Naandika makala hii kwa sababu nimechoka. Kila mara klipu ya fainali ya karate ya Olimpiki ya Tokyo inaporudi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mtwara, wazazi wanaoleta watoto dojoni, vijana wa bodaboda na hata walimu wenzangu wa michezo mingine hunijia na hukumu ileile, iliyokwisha kukatwa na kufungwa: "Mwalimu, yule Msaudi kadhulumiwa. Kampiga mtu mpaka kazimia, halafu dhahabu kapewa aliyezimia." Asemaye hivyo huwa na uhakika wa mtu aliyetazama ndondi miaka mingi, na hapo ndipo tatizo lake linapoanzia.

Tukio lenyewe lilitokea tarehe 7 Agosti 2021 katika ukumbi wa Nippon Budokan, kwenye fainali ya wanaume wenye uzito unaozidi kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza kwa pointi 4 dhidi ya 1 aliporusha teke la kichwa lililompata Sajad Ganjzadeh wa Iran na kumlaza chini. Ganjzadeh alitolewa kwa machela. Waamuzi wakashauriana, wakampa Hamedi hansoku, yaani adhabu ya kumpotezea pambano, na Ganjzadeh akapata habari za dhahabu yake akiwa bado chini ya uangalizi wa matabibu. Nchi ya Hamedi haikuwa imewahi kupata dhahabu yoyote ya Olimpiki, kwa hiyo uchungu wa mashabiki wake nauelewa vizuri. Nisichokielewa ni uchungu wa mtu wa Chikongola hapa mjini kwetu ambaye hajui hata pointi zinahesabiwaje.

Pointi nitazipitia haraka. Ngumi ni yuko, pointi 1; teke la mwilini ni waza-ari, pointi 2; teke la kichwa, au pigo safi kwa mpinzani aliyekwisha kuanguka, ni ippon, pointi 3. Anayemwacha mpinzani kwa tofauti ya pointi 8 humaliza pambano. Pointi zikilingana muda ukiisha, aliyepata senshu, yaani aliyefunga kwanza bila kujibiwa papo hapo, ndiye mshindi. Haya mwanafunzi wa mkanda wa njano anayajua.

Jambo ambalo watu hawataki kulisikia ni kwamba hakuna pointi hata moja inayotolewa kwa sababu mtu ameumia. Mwamuzi huangalia umbo la pigo, nidhamu ya kimchezo, nguvu ya utekelezaji, zanshin (kubaki macho hata baada ya kupiga), wakati na umbali. Nguvu imo, ndiyo, lakini ni nguvu inayomilikiwa na mwenye mguu. Kwa watu wazima teke la kichwa linaruhusiwa kugusa ngozi na kurudi. Likiacha jeraha au likimzimisha mtu, lile pigo ambalo lingekuwa ippon linageuka kosa, na kadiri madhara yanavyokuwa makubwa ndivyo adhabu inavyopanda, hadi hansoku. Hebu fikiri: teke lilelile la Hamedi lingegusa na kurudi, ubao ungesomeka 7 kwa 1. Wala hakulihitaji, maana alikuwa mbele kwa pointi 3 na mpinzani wake ndiye aliyekuwa na kazi ya kumtafuta.

Wasioamini kwamba mguu unaweza kurushwa kwa kasi yote kisha ukasimamishwa nawakaribisha kwenye ukumbi tunaofanyia mazoezi hapa Shangani. Tunatundika kipande cha khanga kuukuu kwa uzi, usawa wa sikio. Teke linalofika mahali pake huiacha nguo ikitikisika kidogo na mguu ukiwa umekwisha kukunjwa; teke lisilo na mwenyewe huiviringisha nguo kwenye kifundo, na mara nyingine huushusha uzi wote. Vijana wenye maungo makubwa, ambao nyumbani wanasifiwa kwa ubabe, ndio wanaong'oa uzi. Mabinti wadogo huacha khanga ikicheza, tena wakacheka. Kazi ngumu zaidi ni ipi kati ya hizo mbili, aamue mwenye macho.

Lakini siku ya mashindano ikifika, kina mama walewale walioona zoezi hilo wiki nzima watasimama kwenye mabenchi na kupiga kelele, "Mkalishe, baba, mkalishe!" Mtoto anamsikia mama yake kuliko anavyonisikia mimi. Anamkalisha kweli mwenzake, anapewa adhabu, kisha naandamwa mimi kwamba waamuzi wanapendelea watu wa Lindi.

Kuna suala la sekunde kumi, ambalo ndilo linalowapoteza zaidi wapenzi wa ndondi. Kwenye ulingo, aliye chini akihesabiwa hadi kumi bila kuinuka, aliyesimama ameshinda. Katika kumite, yaani karate ya kupambana na mpinzani, saa ya sekunde kumi ipo pia, ila kazi yake ni nyingine kabisa. Ikiisha kabla mchezaji hajasimama sawasawa, inamaanisha kwamba afya yake haimruhusu kuendelea na kumite katika mashindano hayo. Daktari anaitwa, kisha jopo la waamuzi linakaa kuamua ni nini kilichomfikisha pale. Saa haimtangazi mshindi. Inamwondoa mgonjwa mchezoni, basi, na swali la nani ameshinda linabaki wazi mezani. Ndiyo maana katika klipu mnawaona waamuzi wakiteta kwa muda, nanyi mnaandika chini yake kwamba walikuwa wakipanga njama.

Sasa niseme kinachonisumbua mimi, kwa kuwa sitaki nionekane nimemeza kitabu cha kanuni na jalada lake. Kanuni inamtaka mwamuzi ajiulize pia kama aliyepigwa amechangia. Mchezaji anayejitupa mbele bila kujikinga ana kosa lake, tunaliita mubobi, na pigo ambalo lingesimama kwenye ngozi linaweza kuzama kwa sababu kichwa kimelifuata. Nimeitazama fainali ile kwa mwendo wa polepole na bado sina hakika ni kiasi gani cha kishindo kilitoka kwa mguu wa Hamedi na kiasi gani kilitokana na Ganjzadeh kusogea. Naamini hansoku ilikuwa sahihi. Hata hivyo, mwamuzi mwenzangu akiniambia angesita, sitamwona mjinga, kwani kutofautisha mguso na kishindo kwa jicho la mwanadamu, ndani ya muda mfupi kama ule, ni kazi ambayo vitabu huieleza kana kwamba ni kupima unga kwenye mzani.

Shaka yangu ya pili ni mbaya zaidi. Kanuni inayomwadhibu anayeumiza inampa anayeumizwa sababu ya kukaa chini. Kuna adhabu ya kujifanya umeumia au kukuza maumivu, lakini daktari naye huwa na wakati mchache, na mchezaji mjanja anajua kushika shavu kuliko anavyojua kata, ule mfululizo wa mapigo tunaoufanya bila mpinzani. Simzungumzii Ganjzadeh, aliyezimia mbele ya dunia nzima. Nawazungumzia tunaowaona kila msimu wakianguka kabla mguu haujafika. Dawa ya ugonjwa huo sijaiona, na wakongwe wetu wa mkanda mweusi, waliolelewa katika Goju-ryu, mtindo wa karate ulioenea nchini tangu Nantambu Camara Bomani alipoanza kuufundisha Dar es Salaam miaka ya 1970, wananicheka wakisema mchezo wa pointi haukuwa karate tangu mwanzo. Sikubaliani nao, ingawa jibu langu huwa halijanyooka.

Wengine huhoji: kama Hamedi alikosa, mbona alivalishwa medali ya fedha? Kwa sababu hansoku humpotezea mtu pambano lile moja tu. Shikkaku ndiyo inayomfukuza mchezaji katika mashindano yote na kumfutia alichovuna, nayo hutolewa kwa mwenye nia mbaya au anayeuvunjia mchezo heshima. Hakuna aliyemtuhumu Hamedi kwa hayo. Siku hiyohiyo, kwenye ukumbi huohuo, Feryal Abdelaziz alimshinda Iryna Zaretska wa Azerbaijan katika fainali ya wanawake wenye uzito unaozidi kilo 61, akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Klipu yake haijawahi kunifikia kutoka kwa yeyote, maana hakuna aliyebebwa kwa machela.

Na kwa aliyeniuliza kwa nini shaba zilikuwa mbili: jijini Tokyo wote wawili walioshindwa nusu fainali walipewa, ndiyo maana Ryutaro Araga wa Japani na Uğur Aktaş wa Uturuki walisimama pamoja jukwaani. Kwenye mashindano ya dunia ya wakati ule utaratibu ulikuwa tofauti, kwani walioshindwa na mmoja wa wanafainali walirudishwa mchezoni kuigombea shaba, na pale mtu aliweza kupoteza pambano la kwanza na bado akaondoka na medali.