Kerezo halikuwa kazi ya pembeni

Kila nikitaja kwamba Richard Roberts, fundi mitambo wa Manchester, Uingereza, wa karne ya 19, aliunda mitambo ya kufuma na pia makerezo, yaani mashine zinazozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga, lazima atokee wa kuuliza: sasa huyo alikuwa mtu wa nguo au mtu wa vyuma? Wengine hawaulizi hata, wanahitimisha tu kwamba makerezo yalikuwa biashara ya kujishikiza soko la nguo likidorora. Safari hii nimelisikia kwa mkerezaji mwenzangu, na hapo uvumilivu umeniishia.

Roberts alizaliwa mpakani mwa Wales mwaka 1789, akafanya kazi London kwa Henry Maudslay, muundaji wa mashine, kisha mwaka 1816 akajitegemea Manchester. Zama hizo karakana nyingi zilijiundia makerezo yake zenyewe. Kumwona anaunda kerezo ukasema ametoka nje ya fani ni kumshangaa mhunzi kwa sababu nyundo yake kaifua mwenyewe.

Kerezo lake la 1817 lina gia za nyuma, na hapa ndipo watu hupita mbio. Ukikereza shafti nyembamba unataka mwendo. Ukifunga puli pana ili uikereze, mwendo uleule unaunguza kisu. Utauhamisha mkanda unaoendesha kerezo kwenye puli ya ngazi, yenye vipenyo tofauti, sawa, mzunguko utapungua, lakini ukikata kwa kina mkanda unateleza. Gia za nyuma zinapunguza mzunguko na papo hapo zinaongeza nguvu ya kuzungusha. Kerezo moja, kazi ndogo na kubwa. Haya, fungua mtambo wowote wa kusokota uone kilichomo: shafti, puli, magurudumu ya meno, rola. Rola ikipinda kidogo tu, uzi unatoka mnene hapa, mwembamba pale, na spindo, vijiti vinavyozunguka kusokota uzi, ziko mamia. Huko tupa na jicho la fundi havifiki, kerezo ndilo linalofika.

Mwaka huohuo aliunda mashine ya kuranda chuma, yaani kukisawazisha uso uwe bapa. Vitabu vingine vinampa taji la ugunduzi bila kusita, mimi nasita. Matthew Murray wa Leeds, James Fox wa Derby na Joseph Clement wote wana watetezi wao. Mashine ya Roberts, ambayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la sayansi London, ina alama za tindo na tupa. Alama hizo zinaonyesha kwamba hakuwa na mashine nyingine ya kurandia ile. Hazionyeshi kwamba Uingereza nzima haikuwa nayo.

Mtambo wake wa kufuma wa chuma ulikuja 1822. Kisha wasokotaji wakagoma, na wenye viwanda wakamfuata awaundie mashine ya kusokota inayojiendesha. Husimuliwa kwamba mwanzoni aliwakatalia, akisema mambo ya kusokota hayajui. Huyo ndiye mnayemwita mtu wa nguo! Hataza ya kwanza aliipata 1825, akaiboresha 1830. Na tusidanganyane kuhusu neno “kujiendesha”: mhudumu alibaki palepale, na nyuzi laini sana ziliendelea kusokotwa kwa mkono wa fundi kwa miaka mingi.

Sharp, Roberts & Co., kampuni yake ya ubia na akina Sharp, iliunda pia vichwa vya treni. Roberts aliachana na akina Sharp mwaka 1843, wao wakaendelea na treni. Kampuni yao iliyokuja kuitwa Sharp Stewart iliungana na nyingine mbili mwaka 1903 kuwa North British Locomotive. Hao wa North British ndio waliounda injini za mvuke za daraja la 29 za reli yetu ya Afrika Mashariki, zile zilizopewa majina ya makabila. Ukoo ni wa mbali, nakubali.

Wanaong'ang'ania kutenganisha nguo na chuma wakatazame kazi yake ya miaka ya 1840. Daraja la Conwy huko Wales lilihitaji mabamba yatobolewe matundu ya ribiti, pini za kuunganishia mabamba, kwa mpangilio sahihi. Roberts akaunda mashine ya kutoboa iliyoongozwa kwa mfumo wa Jacquard, uleule unaochagua nyuzi ili kufuma maua kwenye hariri.