Kuhimili si kupunguza

Kila msimu wa kupanda miti bango ni lilelile: "Tuhimili Mabadiliko ya Tabianchi". Mheshimiwa anamwagilia mche, picha inapigwa, watu wanatawanyika. Miti haina kosa. Kosa lipo kwenye bango.

Kwa kifupi, kupunguza ni kuzuia gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, zisiendelee kujaa angani, au kuzinyonya kama mti unavyofanya. Kuhimili ni kujipanga na madhara yaliyokwisha kufika au yasiyokwepeka: mafuriko, joto, bahari kula ufukwe. Yote mawili kwa pamoja ndiyo kukabiliana.

Kinachochanganywa ni anayefaidika. Moshi ukipungua Kimara, jijini Dar es Salaam, nafuu yake inagawanywa dunia nzima, na mto Msimbazi unaofurika jijini humo haupungui hata ndoo moja. Kuhimili kuna mtaa wake. Mkazi wa bondeni anayejenga kizingiti kirefu mlangoni na kuinua kitanda juu ya matofali anahimili, ingawa hajawahi kuhudhuria semina.

Tazama mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka ya jiji hilo. Basi moja refu linabeba abiria ambao wangejazana kwenye daladala kadhaa. Huko ni kupunguza, na Dar es Salaam ikapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Ila karakana ya mabasi hayohayo ilijengwa Jangwani, katikati ya bonde la Msimbazi, mto unaoteremka kutoka milima ya Pugu na Kisarawe kwenda kumwaga baharini kwenye daraja la Salenda. Masika ya mwaka huohuo karakana ikafurika. Mvua ikikaza, barabara ya Jangwani hufungwa na abiria wa Kimara anayekwenda Kivukoni anakwama Magomeni. Mradi mmoja, umefaulu upande huu na kufeli upande ule.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, kaya za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kuhama huko nako kulikuwa kuhimili, kwa gharama kubwa kwa mtu ambaye riziki yake ipo Kariakoo. Haishangazi kwamba wengine walirudi. Mradi wa sasa wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia, umekuja na hesabu nyingine: daraja lililoinuliwa Jangwani, kuchimba mchanga uliojaa mtoni, kuhamisha karakana, na kuacha sehemu ya bonde iwe bustani ya jiji ambayo maji yakija yana ruhusa ya kupita. Hapo mipango miji imekubali kwamba mvua haitangoja mikutano ya kimataifa.

Mti nao unaweza kuhimili, ukiwekwa pale unapohitajika. Kwenye miteremko ya Pugu unashika udongo usiteremke kuujaza mto. Kituoni unampa abiria kivuli. Basi bango liongezewe kuhimili nini, na wapi. Jibu lisipopatikana, "Tunapanda Miti" inatosha kabisa.